Helikopta ya majeruhi ni ya nani? Tunachokosea tunapomkumbuka Meja Kelly

Septemba 2024 Rais Joe Biden alitia saini sheria ya kuwatunuku nishani ya dhahabu ya Bunge la Marekani wale waliorusha helikopta za kubeba majeruhi katika vita vya Vietnam: marubani, mafundi na wahudumu wa tiba. Redioni walijulikana kwa jina moja, Dustoff. Na kila jina hilo linapotajwa, mtu wa kwanza kukumbukwa ni Meja Charles Kelly, rubani aliyeuawa kwa risasi tarehe 1 Julai 1964 katika delta ya mto Mekong, akiwa na miaka 39. Taarifa nyingi zilizoandikwa tangu sheria hiyo ipite zinamsimulia kwa namna moja. Alikuwa jasiri, hakujua kuogopa, alikataa kuondoka bila majeruhi, akafa. Basi. Msomaji anaguswa, anamwombea apumzike kwa amani, anaendelea na shughuli zake.

Ushujaa wa Kelly siupingi, wala sioni nani aliyesoma habari zake anaweza kuupinga. Ninachodai ni kwamba anayemkumbuka kwa ushujaa peke yake anakumbuka nusu ya mtu, tena ile nusu ambayo walio hai hawawezi kuifanyia kazi. Kelly alikufa katikati ya ugomvi wa kiofisi uliokuwa haujaisha, na kilichogombaniwa kilikuwa chombo. Helikopta zilizochorwa msalaba mwekundu, je, ni za majeruhi usiku na mchana, hata siku zinapokaa bila kazi? Au ni mali ya jumla, mkubwa azipangie safari nyingine siku ambayo hakuna anayevuja damu? Kelly alisema ni za majeruhi, akashikilia hivyo mbele ya watu wenye vyeo vikubwa kuliko chake, na akaruka usiku baada ya usiku kuthibitisha. Ukiliondoa swali hilo, kifo chake kinabaki habari ya mtu mmoja na risasi moja. Ukilirudisha mahali pake, kinatuhusu hata sisi ambao hatukuwahi kuiona Mekong.

Kikosi chenyewe kilikuwa kidogo. Kikosi cha 57 cha helikopta za wagonjwa kilifika Vietnam mwaka 1962, wakati Marekani bado inasema imepeleka washauri tu, kikiwa na helikopta 5 aina ya Huey. Helikopta hiyo, ambayo picha zake zimekuja kuwa alama ya vita vile, ilibuniwa baada ya jeshi kutangaza katikati ya miaka ya 1950 kwamba linataka helikopta ya kubebea majeruhi pamoja na kazi nyingine za jumla. Bunduki na roketi zilifungwa baadaye. Lakini mwaka uleule wa 1962 ikaingia Vietnam kampuni ya Huey zenye silaha, nayo ikapungukiwa vipuri, hasa jenereta za kuwashia injini. Macho yote yakageukia zile 5 za wagonjwa. Kamanda wa kwanza wa kikosi, Kapteni John Temperelli, alibisha hadi mwisho, akashindwa. Jenereta zikafunguliwa, zikaenda kufungwa kwenye helikopta za mashambulizi, na kwa takriban wiki nne, kuanzia katikati ya Novemba, kikosi cha kubeba majeruhi kilikaa chini kimelemaa. Huo ndio urithi ambao Kelly aliukuta. Kabla hajarusha safari hata moja pale, ilikuwa imeshadhihirika kwamba vifaa vikipungua, cha mgonjwa ndicho cha kwanza kunyofolewa.

Jina Dustoff, ambalo ndani yake mna neno la Kiingereza la vumbi, lilipatikana mwaka 1963, lilipochaguliwa kwenye orodha ya majina ya redio yaliyokuwa hayajachukuliwa, na likafaa mno, kwa sababu helikopta ikitua kwenye nchi kavu ya kiangazi hutimua vumbi likawafunika wote waliosimama. Kelly akachukua ukamanda Januari 1964. Alikuwa mtu wa Georgia aliyejiunga na jeshi tangu vita kuu ya pili akiwa bado mvulana, akapita kwenye uaskari wa miguu, uhudumu wa tiba na miavuli kabla ya kuwa rubani. Mtu wa namna hiyo anaijua machela kutoka pande zote mbili: ameibeba, na amewaona wanaolala juu yake.

Mkubwa aliyegombana naye alikuwa Brigedia Jenerali Joseph Stilwell, aliyesimamia vikosi vya huduma. Pendekezo lake halikuwa la kikatili. Alitaka misalaba myekundu iwe ya kubandika na kubandua, na helikopta za wagonjwa ziingizwe kwenye kundi la jumla: akitokea majeruhi zibandikwe msalaba ziende, asipotokea zibebe mizigo na watu. Kelly alikataa. Alielewa pia jambo ambalo waandishi wa habari za mashujaa huliruka, kwamba ugomvi wa namna hiyo huamuliwa na takwimu. Helikopta ambazo hazina majeruhi wa kuonyesha zitachukuliwa. Hivyo alihamia na sehemu ya kikosi chake Soc Trang, chini kabisa kwenye delta, na kuanza mzunguko wa usiku. Waliruka juu ya mashamba ya mpunga na mifereji, giza totoro, wakiita redioni kituo kimoja baada ya kingine na kuuliza kama kuna mtu wa kuchukua. Wanne ndani ya helikopta, marubani wawili, fundi na mhudumu wa tiba, na nafasi ya machela tatu. Kati ya Februari na Machi 1964 idadi ya waliobebwa iliongezeka zaidi ya maradufu.

Tufike siku yenyewe. Karibu na Vinh Long wanajeshi wa Vietnam Kusini na mshauri wao wa Kimarekani walikuwa na majeruhi, na adui alikuwa karibu. Kelly alitua. Risasi zikaanza, na aliyekuwa ardhini akamwambia redioni aondoke haraka. Jibu lake limebaki kuwa sentensi inayojulikana kuliko zote katika historia ya kazi hiyo: nikishawachukua majeruhi wenu. Muda mfupi baadaye risasi moja ikapita kwenye mlango uliokuwa wazi, ikampata moyoni. Helikopta ikapinduka na kuvunjika. Wenzake waliokuwa naye walitoka hai.

Naomba tuisikilize sentensi hiyo kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili kinaitendea haki. Tunaposema "nikishawachukua", lile -kisha- linaeleza kazi ambayo lazima ifike mwisho kabla kingine hakijaanza. Hakuna bwana wala bibi aliyelelewa na lugha hii asiyejua uzito wa mama anaposema "ukishamaliza ndipo utakwenda". Kelly hakumjibu mshauri yule kwamba haogopi, wala hakutoa hotuba. Alimpangia utaratibu wa mambo: kwanza hili, kisha lile. Na neno "wenu" lina uzito wake. Hakuwaita majeruhi wake. Wengi wa waliobebwa miezi ile walikuwa Wavietnam, watu ambao hakuwajua majina na ambao hakuna ofisi Washington ingeuliza habari zao. Yeye alikuwa na chombo, wao walikuwa na majeruhi, na kwa fikra yake chombo kile kilikuwa chao hadi waliolala chini wawe wamepandishwa. Kwa hiyo katika sentensi hiyo naisikia sera nzima aliyoipigania kwa Stilwell, imesemwa kwa pumzi moja.

Sasa tuwape haki waliomwona amekosea, tukianza na Stilwell. Helikopta zilikuwa chache. Kamanda mwenye jukumu la kusafirisha chakula, risasi na watu katika nchi nzima anaona mashine kadhaa nzuri zimesimama uwanjani zikisubiri simu ambayo huenda isipigwe leo. Kwa hesabu ya kawaida huo ni upotevu, na watu wenye akili timamu wamekuwa wakifanya hesabu hiyo katika kila jeshi na kila wizara. Hoja hii inapendwa sana, na kati ya zote naiona ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu inapima kitu kisichopimika kwa kipimo hicho. Helikopta ya majeruhi inayosubiri iko kazini. Kazi yake ni kuwapo. Ikiwa imekwenda kupeleka magunia umbali wa nusu saa, majeruhi anayevuja damu kwenye paja hatasubiri irudi, ishushe mizigo, ijaze mafuta na kubandikwa msalaba. Mkataba wa kwanza wa Geneva wa mwaka 1949, ibara ya 36, unailinda ndege ya tiba kwa sharti kwamba inatumika kwa kazi hiyo pekee, na kwa njia na nyakati ambazo pande zinazopigana zimekubaliana. Ni kweli kwamba Vietnam misalaba ilipigwa risasi vilevile. Lakini msalaba unaobanduliwa asubuhi na kubandikwa jioni unampa adui sababu halali ya kutouamini hata siku ambayo ni wa kweli.

Historia iliyofuata ilimjibu Stilwell kuliko maneno. Helikopta 5 za mwaka 1962 zilifika 116 mwaka 1968, zote zikiwa za majeruhi. Hadi vita vinakwisha kwa upande wa Marekani mwaka 1973, watu kati ya 850,000 na 900,000 walikuwa wamebebwa, wanajeshi na raia, Wavietnam kwa Wamarekani. Na wale waliodhani somo limekwisha kueleweka wasome yaliyotokea Afghanistan. Kabla ya mwaka 2009 majeruhi kule aliweza kusubiri helikopta kwa muda wa hadi saa mbili, na Waziri wa Ulinzi wa Marekani Robert Gates alipouliza kwa nini, baadhi ya wakubwa walimwambia takwimu za waliopona zinatosha. Juni 2009 akaagiza iwe ndani ya dakika 60, na helikopta zikaongezwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la upasuaji la chama cha madaktari wa Marekani ulilinganisha kabla na baada: muda wa kati wa kumfikisha majeruhi ulishuka kutoka dakika 90 hadi 43, na kiwango cha vifo miongoni mwa waliojeruhiwa kikashuka kutoka asilimia 13.7 hadi 7.6. Yapo mengine yaliyochangia, kama vile damu kuwekewa mapema na mikanda ya kuzuia damu. Hata hivyo helikopta zilizoongezwa, kwa macho ya mhasibu, zilikuwa mashine nyingine za kukaa bure.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami siwezi kuipita haraka. Inasema Kelly alikuwa mzembe wa maisha yake na ya wenzake, kwamba aliambiwa aondoke na mtu aliyekuwa akiona mapambano kwa macho, akabisha, na kwamba rubani aliyekufa hambebi mtu. Wanaosema hivi wana namba. Maofisa wapatao 1,400 walirusha helikopta za wagonjwa Vietnam. Wapatao 40 waliuawa na adui, na wengine 48 walikufa kwenye ajali zisizotokana na adui, nyingi zikiwa za usiku na hali mbaya ya hewa. Ukijumlisha waliojeruhiwa unapata zaidi ya theluthi moja ya marubani wote. Helikopta zao ziliangushwa kwa risasi kwa kiwango cha zaidi ya mara tatu ya helikopta za kazi nyingine. Tuangalie tena hizo 40 na 48. Ajali, nyingi zikiwa za giza na mawingu, ziliwaua marubani wa Dustoff wengi kuliko bunduki. Na mila ya kuruka usiku, bila kuuliza, popote, ilianzia kwa Kelly. Mwanamke aliyepoteza mume kwenye ajali ya usiku mwaka 1969 ana haki ya kuuliza kama hadithi ya Kelly haikumsukuma mumewe kwenye wingu ambalo angelikwepa.

Nakubali sehemu ya lawama hiyo. Kelly alikuwa ameshapanga kumkabidhi Soc Trang kijana wake, Kapteni Patrick Brady, siku hiyohiyo ya tarehe 1 Julai, halafu akabadili mawazo akasema atabaki angalau mwezi mmoja zaidi. Mtu mwenye busara ya kutunza nguvu zake angekuwa ameshaondoka. Lakini kabla ya kumhukumu, tujiulize kwa nini alikuwa akiruka kama mtu anayedaiwa. Alikuwa anadaiwa kweli. Kila usiku alitakiwa kuthibitisha kwamba helikopta za wagonjwa zina wagonjwa, la sivyo zingekwenda njia ya zile jenereta. Mzunguko ule wa gizani, wa kuita vituo kimoja kimoja, ulikuwa huruma na ulikuwa hesabu kwa wakati mmoja. Kama wakubwa wangekuwa wameandika tangu mwanzo kwamba chombo hiki hakiguswi, kamanda angeweza kuwaambia vijana wake: leo mawingu yameshuka, tusubiri alfajiri. Anayetafuta wa kumlaumu kwa uzembe aanze na ofisi iliyoacha swali hilo wazi likae juu ya mabega ya rubani.

Siku moja baada ya kifo, kamanda mmoja aliirusha ile risasi juu ya meza mbele ya Brady, akamuuliza kama sasa wataacha kuruka kwa ukali namna ile. Brady alijibu kwamba wataendelea kuruka kama Kelly alivyowafundisha, bila kusita, wakati wowote, mahali popote. Tukio hili husimuliwa kama jibu la kishujaa, na ni kweli. Miaka mitatu na nusu baadaye, Januari 1968, Brady huyohuyo alitumia helikopta tatu kwa siku moja, moja ikitobolewa anabadili nyingine, akatoa majeruhi 51 kwenye ukungu na risasi, na kwa hilo alipewa nishani ya juu kabisa ya nchi yake. Mimi macho yangu yanabaki kwenye zile helikopta tatu. Mwaka 1962 zisingekuwapo. Mwaka 1962 Brady angetobolewa ya kwanza na hadithi ingeishia hapo, kwa sababu ya pili ingekuwa imekaa uwanjani haina jenereta.

Iko hoja ya tatu, na hii huja kutoka kwetu, si kutoka jeshini. Kwa nini Mswahili amkumbuke rubani wa Kimarekani aliyekufa kwenye vita ambavyo nchi yake haikupaswa kuvipigana, vita vilivyoua mamilioni ya watu wa Vietnam, vijiji vikichomwa na wanajeshi walioshushwa na Huey hizohizo? Swali hili halijibiwi kwa kusema rubani alikuwa mtu mwema. Helikopta ya majeruhi ni sehemu ya vita. Inamrudisha askari kwenye mapambano na inampa jenerali ujasiri wa kupeleka wengine, akijua watatolewa. Anayetaka nishani ile ifute hilo anaomba kisichowezekana. Hata wale waliosimama upande wa wanakijiji walichelewa kukumbukwa: Hugh Thompson, rubani aliyetua kijiji cha My Lai mwaka 1968 na kusimama kati ya wanajeshi wa nchi yake na raia waliokuwa wakiuawa, alisubiri miaka 30 kupata nishani iliyotambua alichofanya kweli siku ile, na fundi wake Glenn Andreotta aliuawa wiki chache baada ya siku ile, bila kuambiwa asante.

Lakini hoja hiyo, pamoja na uzito wake, inathibitisha ninachosema. Kelly akikumbukwa kama shujaa wa taifa lake, hana la kutuambia, na Mvietnam ana haki ya kugeuza uso. Akikumbukwa kama mtu aliyesema chombo cha majeruhi ni cha majeruhi, wa yeyote, basi anaingia kwenye jambo lililokuwapo kabla yake na lililotugusa. Aprili 1944, Burma, ndipo helikopta ilipotumika kwa mara ya kwanza vitani kuwatoa majeruhi msituni. Mwaka uleule, katika nchi ileile, wazee wetu wa King's African Rifles, wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, walikuwa wakitembea bonde la Kabaw kwenye tope la mvua, na aliyejeruhiwa kati yao alibebwa kwa machela mabegani mwa wenzake. Waliokuwa na helikopta na waliokuwa na machela walipigana vita vilevile. Nani alipata chombo gani lilikuwa swali tangu siku hiyo ya kwanza.

Swali hilo liko wazi hadi leo, na majibu yake yanazidi kuwa mabaya. Ukraine helikopta haziwezi tena kusogea karibu na mstari wa mbele kwa sababu ya makombora na droni, na majeruhi wanakaa mahandakini saa nyingi, wengine siku. Walipojaribu mwaka 2022 kuruka hadi kiwanda cha Azovstal kilichozingirwa Mariupol, kupeleka vifaa na kutoa majeruhi, baadhi ya helikopta zilitunguliwa. Karibu na kwetu zaidi, tarehe 7 Machi 2025, helikopta ya Umoja wa Mataifa ilikwenda Nasir, Sudan Kusini, nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kuwatoa wanajeshi waliojeruhiwa. Ahadi ya usalama ilikuwa imeshatolewa. Wakati majeruhi wanachukuliwa, risasi zikapigwa. Mmoja wa watu wa helikopta aliuawa, pamoja na Jenerali Majur Dak, kamanda wa jeshi pale, na wanajeshi waliokuwa wakitolewa. Tangu hapo tumesoma mengi juu ya Nasir: kukamatwa kwa Riek Machar, aliyekuwa makamu wa kwanza wa rais, mashtaka, hatima ya mkataba wa amani. Yote hayo ni mambo makubwa na ya haki kuandikwa. Ila mtu yule wa helikopta, aliyefika pale kwa kazi moja tu, amekuwa mstari mmoja katikati ya habari za watu wengine. Kama ibara ya 36 ina maana yoyote, kosa la kumuua yeye linasimama peke yake, nje ya siasa za Juba, na linapaswa kuulizwa peke yake, nani alipiga na nani aliahidi usalama ambao hakuwa nao.

Na kwa nchi ambazo hazina vita, swali la Stilwell halijaondoka, limevaa nguo nyingine tu. Kila mtu katika ukanda wetu amewahi kuliona gari la wagonjwa likipita na king'ora likiwa halina mgonjwa, au limeegeshwa kwenye sherehe, au limebeba mzigo. Anayelitumia ana hoja ileile: lilikuwa limekaa bure. Wahisani wanatoa magari, viongozi wanakata utepe, magazeti yanapiga picha, na hakuna anayeuliza kama yapo maandishi yanayosema gari hili halitoki kwa safari nyingine hata aombe nani. Sheria ya namna hiyo haina picha nzuri. Tunangoja hadi dereva mmoja afanye jambo kubwa usiku mmoja, tumsifu, halafu asubuhi gari lirudi kubeba magunia.

Dereva wa namna hiyo nimemwona. Mama yangu mdogo alizidiwa na uchungu wa uzazi, na gari la wagonjwa la hospitali iliyokuwa karibu lilikuwa limetumwa kupeleka saruji kwenye ujenzi wa mkubwa mmoja. Lilirudi saa sita usiku. Dereva hakuzima hata injini. Aliruka chini, akachukua ufagio, akafagia vumbi la saruji lililotanda sakafuni na juu ya kitanda cha mgonjwa, akilia huku anafagia, kisha akatukimbiza kwenye barabara ya udongo yenye mvua kwa mwendo ambao hadi leo sijui tulifikaje. Alikuwa jasiri kuliko mtu yeyote niliyekuwa naye usiku ule. Mama mdogo alipona. Kuhusu mtoto, daktari alisema angepona kama tungefika saa mbili kabla, na saa mbili kabla gari lilikuwa likishusha mifuko.